Kordinata Afungua Nyumba ya Rangi za Bure

(Hotuba hii ilitolewa Kindu, kwenye kiwanja cha mpira, na Bwana Godefroid, Kordinata wa Kamati ya Muda ya Sanaa ya Numeriki, yaani ya kidijitali, siku ya kufungua Nyumba ya Uchoraji ambayo, kwa maelezo yake, imejengwa ng'ambo ya mto, Alunguli. Nimeiandika kama nilivyoisikia, kwa Kiswahili chetu kinachosema "njo" kwa "ndiyo" na "ao" kwa "au", nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Palipopigwa makofi nimeandika makofi. Pasipoandikwa, msinilaumu mimi.)

Muheshimiwa Madame Gisèle, mujumbe wa wafadhili wetu, uliyeshuka leo asubuhi kutoka Kinshasa kwa njia ya angani. Waheshimiwa wakubwa wa muji mulioko hapa, na wakubwa mulioalikwa mukakosa kuja, na wakubwa ambao hamukualikwa mukaja. Baba Imamu, Baba Padri, Baba Pasta, ambao nimewataja kwa mupango wa viti na si kwa mupango wa mbingu. Mama zetu wa soko, ambao mumefunga meza zenu kwa hiari baada ya kuombwa na polisi. Wachoraji wote wa Maniema, wa burashi, wa mukaa na wa kidole. Ndugu zetu wachimbaji wa Kalima na Pangi, ambao mulikuwa munapita zenu mukaona viti. Wanafunzi, ambao leo hamuko darasani kwa sababu ya maendeleo. Na mimi mwenyewe, Godefroid, Kordinata, ambaye protokole inanikataza kujisalimia lakini moyo unanisukuma: heshima zote zikiwa zimetolewa, kila moja mahali pake, jambo yenu.

(Umati: "Jambo sana, Baba." Wanafunzi wanapiga makofi marefu, maana hawana haraka ya kurudi darasani.)

Wananchi, kabla ya kuanza, nianze. Mugeni wetu ni muntu wa Kinshasa, lugha zake ni Kifaransa na Lingala, na hii Kiswahili yetu kwake ni kama mvua juu ya bati, anasikia kelele tu. Kwa hiyo nitasema na ninyi kwa uhuru wote, halafu mwishoni nitamupatia muhtasari wa Kifaransa ambao Kamati imeshaupitisha. Kazi yenu iko nyepesi: nikiinua hiki kitambaa cheupe, mupige makofi, nikikishusha, muache, kwa sababu juzi kwenye mazoezi kuna watu waliendelea mupaka ikawa aibu.

(Kitambaa kinapanda. Makofi. Kitambaa kinashuka. Makofi yanakoma, isipokuwa ya mzee mmoja nyuma ambaye juzi hakuja. Madame Gisèle anainamisha kichwa na kutabasamu.)

Mradi huu, ambao ulizaliwa katika kichwa changu, ukakulia katika faili, ukabatizwa na wataalamu kwa jina la Strateji Jumuishi ya Kuinua Kapasite za Wachoraji kwa Njia ya Numeriki katika Mazingira ya Baada ya Vita, umefikia leo asilimia mia moja na kumi na mbili ya malengo yake, maana kuna malengo tuliyoyatimiza kabla hayajaandikwa, na mengine tuliyoyaandika baada ya kuona kwamba yametimia yenyewe. Asilimia themanini ya wachoraji walioko hapa watapata mafunzo, pamoja na asilimia sitini ya wale ambao hawakuja. Haya si maneno yangu, ni takwimu, na takwimu nimezitengeneza mimi.

Nyumba yenyewe munaiona pale kwenye bango: orofa mbili, bati la buluu, veranda inayotazama mto, madirisha yenye vioo, na mupapai mbele ya mulango ili muchoraji akichoka apate kivuli chembamba. Picha hiyo ilitangulia Kinshasa na ikarudi na sifa. Tungependa sana, tena kwa machozi, kumuvusha mugeni wetu akaione kwa macho, lakini kivuko kimeharibika leo asubuhi, saa ileile ndege yake ilipotua, na protokole hairuhusu mujumbe wa daraja lake kukaa ndani ya mutumbwi.

(Bulaimu, mpiga kasia wa Alunguli, anainua mkono. Anauliza kwa adabu nyumba hiyo iko mtaa gani, maana yeye anakaa hukohuko na hajabahatika kuiona. Kordinata anamjibu kwamba maswali yatapokelewa kwa maandishi. Bulaimu anasema yeye hajui kuandika, ila mtumbwi wake ni mzima. Watu wa Alunguli wanatazamana.)

Sasa tuingie katika moyo wa jambo, yaani lojisieli. Lojisieli njo nini? Wazee wangu, lojisieli ni programu, ni kitu kinachokaa ndani ya ordinatere, ile kompyuta, kama vile roho inavyokaa ndani ya muntu: hukioni, lakini kikitoka, kazi imekwisha. Hii ya kwetu ni ya kuchora. Unapata humo burashi za kila namna, ya manyoya, ya mukaa, ya maji, ya chokaa, na rangi zote ambazo Mungu aliziumba na zingine ambazo hakupata nafasi. Kamati yangu, iliposikia wingi wa burashi, ikaomba depo ya kuzihifadhi. Na iliposikia wingi wa rangi, mimi mwenyewe niliwaandikia watu wa ushuru nikiomba ziingie Kindu bila kodi. Wakanijibu kwamba hazitapita kwao. Njo ushindi wetu wa kwanza.

(Kitambaa. Makofi.)

Ushindi wa pili ni bei. Nilipouliza bei ya hii lojisieli, muchoraji mumoja aliniambia: ni bure, Baba. Nikakataa. Nikasema, Kamati haiwezi kupokea jibu la namna hiyo kutoka mudomoni mwa muntu asiye na muhuri. Nikaunda ujumbe wa mazungumuzo, tukafunga safari ya kikazi mupaka Bukavu, tukakaa hotelini, tukajadiliana kwa ukali sana, sisi kwa sisi, kwa sababu upande wa pili haukuwepo, na mwisho tukafikia muafaka kwamba iwe bure. Wale walioitengeneza ni watu wa mbali, wanaitoa kwa kila muntu duniani, tajiri na masikini, Muislamu na Mukristu, na hawakuombi hata jina lako. Lakini ninawauliza, nani alihakikisha kwamba ni bure mupaka hapa Kindu?

(Kitambaa. Mzee wa nyuma anajibu: "Mungu." Kordinata anashukuru.)

Munajua taabu yetu. Kopo la rangi linatoka Goma kwa ndege, ao linapanda treni ambayo haina haraka na muntu. Likifika hapa ukalifungua, ndani unakuta jiwe. Njano inakwisha kabla ya buluu haijaguswa, njo maana ndizi zote kwenye mabango ya mikahawa ya Kindu ni mbichi. Muchoraji akikosea sikio kwenye kibao cha kinyozi, kibao chote kimeharibika, na yule muntu wa kwenye kibao atakaa na sikio moja mupaka kinyozi abadilishe kazi. Lakini ndani ya lojisieli, rangi haikauki, haipungui, haigandi. Ukikosea, unabonyeza tu, kosa linarudi lilikotoka, na hakuna anayejua kwamba lilikuwepo. Mimi nilipoonyeshwa kile kitufe cha kurudi nyuma nilikibonyeza mara tatu. Nilifikiria juu ya utumishi wangu wote.

(Kicheko kikubwa. Kitambaa hakikuwa kimeinuliwa, na Kordinata anamtazama katibu wake, Cédric, kama kwamba yeye ndiye aliyekosea.)

Kitu kingine, tabaka. Unachora mto kwenye tabaka la chini, unachora muntu kwenye tabaka la juu. Ukimuondoa muntu, mto unabaki salama. Wasomi wanasema hii ni teknolojia mupya. Mimi ninasema Kindu tuliijua wakati wa vita. Munaukumbuka ule ukuta wa ofisi ya zamani, na marehemu Baba Djamali, muchoraji wa vibao. Jeshi likiingia linamuita: Djamali, tuchoree alama yetu. Anachora. Hilo linatoka, linaingia lingine: Djamali, funika ile, chora hii. Alifunika na kuchora, akafunika na kuchora, hata ukuta ukanenepa. Kila kamanda alitaka rangi nzuri, na hakuna aliyemuuliza anaitoa wapi, wakati treni ilikuwa imekufa na chumvi yenyewe inakuja juu ya baiskeli. Alikuwa anaponda mukaa na udongo mwekundu, anachanganya na mawese na uji wa muhogo. Tuliteseka pamoja, ndugu zangu, wote kwa jumla, mimi nikiwa Lubumbashi.

(Mama mmoja wa soko anasema, si kwa sauti kubwa, kwamba mateso ya Lubumbashi yalikuwa na umeme.)

Yalikuwa na umeme, mama, lakini ulikuwa unakatika. Sasa, Djamali alikuwa na ukuta mwingine, wa nyumba yake mwenyewe, kule Mikelenge. Watu waliopoteza watu wao, na picha zao zikaungua na nyumba, walikuja wakakaa kwenye muchanga mbele ya ule ukuta, wakamuambia: alikuwa na paji pana, akicheka aliinua nyusi moja. Naye anamuchora kwa mukaa, taratibu, mupaka mama anasema, basi, njo yeye. Kaka yangu Florentin alikuwa pale, karibu na dirisha. Niliporudi kutoka Lubumbashi nilienda kumuona. Alifanana kuliko picha. Mvua za mwaka uliofuata ziliangusha ukuta wote, na mimi niliumia, watu wangu, niliumia kama vile amekufa tena.

(Hapa nilitazama kitambaa. Kilikuwa chini. Kordinata anageuza karatasi, anairudisha, anakohoa.)

Katika muktadha huo, njo tunampata Nuru, binti wa marehemu, ambaye amekaa pale mbele mwenye kilemba cha kijani. Nuru alipata ordinatere ndogo ya mutumba, herufi mbili zimeng'oka, akaweka ndani lojisieli hii ya bure, na akaanza kuita zile familia moja moja ili awachore upya watu wa ukuta wa baba yake. Mama anakaa kando yake, anasema, hapana, pua haikuwa hivyo. Nuru anarudi nyuma, anabadilisha pua peke yake, macho yanabaki palepale. Muniambie ni ukuta gani unaweza kufanya hivyo. Florentin wangu amefika kwenye mudomo. Na amebaki hapo kwenye mudomo, kwa sababu Kamati, kwa kuthamini hiyo kazi, iliiazima ordinatere yenyewe tangu kiangazi kwa ajili ya maonyesho, na kwa kuithamini zaidi, haikuirudisha.

(Nuru anasimama. Watu wanaomjua wanasema amekwenda ofisini kwa Kordinata hadi mlinzi amezoea kumuwekea kiti. Hapigi kelele. "Baba Kordinata," anasema, "mi naomba mashine yangu. Wale watu wote wako ndani, siko nao fasi ingine, ni humo tu. Wamama wananingoya." Kordinata anamwonyesha kwa mkono akae.)

Kaa, mwanangu, tunafika hapohapo. Kwa desturi yetu, mugeni haondoki mikono mitupu. Kwa kawaida tungetoa mbuzi, lakini mbuzi na ndege hawapatani. Tungetoa muchele, lakini muchele wa Kindu mugeni ameshakula na ameusifu. Leo, kwa kuwa ni siku ya numeriki, Kamati imekaa, imetafakari, imeafikiana kwa kauli moja, yaani yangu, kwamba tumupe mugeni wetu ordinatere ya kwanza ya Nyumba hii, ambayo kwa sasa njo ya mwisho. Cédric, leta.

(Cédric analeta kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Nuru anaweka mkono mdomoni, ameshajua ni nini. Manung'uniko yanapita viti vyote. Msomaji wa mbali aelewe: kwetu zawadi iliyotolewa mbele ya watu hairudi kwa aliyeitoa, na mgeni anayeikataa amemtukana mwenyeji na ukoo wake. Mashine ikifika mikononi mwa Madame, itapanda ndege kesho, pamoja na marehemu wote wa ule ukuta.)

Wananchi, musinung'unike, mugeni anatuangalia. Niwaambie kindugu, kwa vile hasikii. Huyu Madame akifurahi, atasaini. Akisaini, awamu ya pili itakuja. Awamu ya pili ikija, tutafanya awamu ya kwanza. Kwa hiyo mambo ya kuvuka mto muntu asimutajie, na wewe Bulaimu nakuona. Inueni nyuso, mumuchekee.

(Kitambaa. Makofi machache, kama ya watu wanaoua mbu.

Madame Gisèle anasimama. Anapokea kifurushi kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa na bibi yake. Halafu anakisogelea kipaza sauti.

"Aksanti, Baba Kordinata," anasema, na Kiswahili chake ni kilekile cha migodini. "Mi nilizaliwa Kalima. Baba yangu alikuwa fundi kwa kompanyi. Nimesikia yote, na ile mvua juu ya bati pia."

Kordinata anakaa. Nyuma yake hakuna kiti, kwa hiyo anasimama tena, akisaidiwa na Cédric.

Madame anawageukia watu. Anauliza kama zawadi aliyopewa mbele yao ni yake kweli. Wanamwambia ni yake. Anauliza kama mwenye kitu anaweza kumpa amtakaye. Wanamwambia anaweza, na sauti za wamama wa soko ndizo zinazopanda kuliko zote. Anateremka jukwaani, anakwenda mpaka mstari wa mbele, anaweka kifurushi mikononi mwa Nuru.

"Shika, mwanangu. Wamama wanakungoya."

Nuru hakufungua kitenge. Alikikumbatia kifuani akalia mbele ya watu wote, wala hakujificha. Makofi yalipigwa mpaka nikaacha kuandika, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeanguka chini, kinakanyagwa. Yalipotulia, Madame alirudi kwenye kiti chake, akakunja mikono, akamwambia Kordinata amalizie hotuba, kwa Kiswahili hichohicho.)

Muheshimiwa Madame. Muheshimiwa Mama Gisèle. Mama. Protokole haikutuarifu. Karatasi yangu imebakiwa na ukurasa mumoja, nao una wito na shukrani, na nitausoma kwa sababu umeshapigwa muhuri.

Numeriki kwa wote.

(Watu wanamtazama Madame.)

Maniema mbele.

(Mtoto mmoja: "Mbele.")

Burashi bila mipaka, maendeleo bila kivuko.

(Bulaimu anasema yuko tayari saa yoyote. Kicheko, na Madame Gisèle naye anacheka.)

Shukrani. Ninawashukuru wafadhili, ambao bado wamekaa, na hiyo peke yake ni neema. Ninawashukuru waashi na maseremala waliojitolea usiku na muchana. Hawa niwaruke. Ninakishukuru kiwanja cha Alunguli, ambacho kiko pale kweli, na kina mihogo ya watu. Ninamushukuru kwa namna ya pekee muchoraji wa ile picha ya bango, Nuru, ambaye nilimuomba anichoree nyumba kama ningeipenda iwe, nikamuambia ni kwa ajili ya kalenda, naye akaichora kwa hii lojisieli ya bure, bati tabaka moja, veranda tabaka lingine, mupapai nikaomba auongeze baadaye. Aliichora vizuri. Aliichora vizuri hata mimi mwenyewe, siku moja, nilivuka mto kwa mutumbwi wa Bulaimu, na koti yangu na kalamu, nikazunguka mule ndani ya mihogo nikitafuta ngazi ya kwenda ofisini kwangu. Hakuna nyumba. Haijapata kuwepo. Iliyokuwepo ni rangi.

(Anaikunja karatasi. Cédric anaokota kitambaa, anakikung'uta, anakiinua kwa mazoea. Hakuna anayepiga makofi, lakini hakuna anayezomea pia. Kordinata anakisukuma kipaza sauti pembeni, na maneno yaliyobaki nimeyapata kwa kuwa niko karibu.)

Nuru, mwanangu, kesho asubuhi nitakuja kwako Mikelenge. Nitakaa kwenye muchanga nyuma ya wamama, nitangoja zamu yangu. Ukiulizwa muntu gani yuko mulangoni, usiseme Kordinata. Sema ni mudogo wake Florentin. Aksanti.